Gari linakula mafuta: namna ya kukagua kompyuta ya injini kabla ya kununua sensa

Mteja anapoleta gari gereji na kulalamika kwamba linakula mafuta na taa ya injini inawaka, mafundi wengi hapa Dar es Salaam huchomeka mashine ya kupimia kompyuta ya gari, husoma namba ya hitilafu, kisha humtuma kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani akanunue sensa ya oksijeni. Nilifanya hivyo nami kwa miaka kadhaa, na kuna mteja aliyelipa gharama ya kutojua kwangu. Namba ya hitilafu hueleza kile ambacho kompyuta imekiona. Kifaa kilichosababisha hali hiyo ni lazima fundi akitafute mwenyewe.

Petroli huungua vizuri panapokuwa na takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Kompyuta huanza kwa kupima hewa. Katika magari mengi, sensa iliyo mara baada ya chujio la hewa ina waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio unaoonyesha hewa iliyoingia ni kiasi gani. Kompyuta hupiga hesabu na kufungua nozeli zinazopuliza petroli kwa milisekunde chache tu. Baada ya mlipuko, sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi hukagua moshi: oksijeni iliyobaki ikiwa nyingi, hutoa karibu volti 0.1, na ikiwa haba, hutoa karibu volti 0.9. Kwa taarifa hiyo kompyuta huongeza au hupunguza petroli muda wote injini inapounguruma.

Hatua ya kwanza hufanyika asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha soma kwenye mashine joto la maji ya rejeta na joto la hewa inayoingia. Yote mawili yanapaswa kukaribiana na joto la nje, ambalo asubuhi kwa Dar es Salaam huwa takriban nyuzi 20 hadi 30. Ukiona maji yanasomeka nyuzi 10, kompyuta inadanganywa kwamba injini ni ya baridi kuliko ilivyo, na itamwaga petroli ya ziada. Ukiona nyuzi 40 chini ya sifuri, kagua soketi na waya kwanza, kwa sababu hicho ndicho kipimo kinachojitokeza waya unapokatika.

Hatua ya pili, washa injini na uiache ipate joto kamili. Sensa ya oksijeni haifanyi kazi hadi ipate joto la takriban nyuzi 300, kwa hiyo usiihukumu mapema. Ikiwa nzima, volti zake zitapanda na kushuka bila kutulia. Baadhi ya magari ya Toyota yana sensa ya mbele ya aina nyingine isiyopanda na kushuka namna hiyo. Hizo zisipimwe kwa kanuni hii.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoomba kila fundi aizoee. Soma asilimia za marekebisho ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza (juu ya sifuri) au inapunguza (chini ya sifuri), ya muda mfupi na ya muda mrefu, kisha uzijumlishe. Jumla ikiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini ya sifuri, kwa kawaida hakuna tatizo. Ikizidi 10 kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini ikashuka unapokanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayopenya bila kupimwa. Ikiongezeka kadiri unavyokanyaga, kagua presha ya pampu, chujio la petroli na uchafu kwenye sensa ya hewa.

Gari la mteja niliyemtaja lilikuwa na namba P0171, yaani mchanganyiko wenye petroli pungufu. Nilimbadilishia sensa ya oksijeni mara mbili, na taa ikarudi mara zote mbili. Baadaye nilisoma marekebisho na kukuta asilimia 22 kwenye sailensa, ambayo ilishuka hadi 6 nilipokanyaga. Nikaanza kuibana mipira ya hewa kwa koleo, mmoja mmoja. Nilipofika kwenye mpira mfupi nyuma ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, namba zilianza kuteremka nikizitazama, na nilipouchomoa nikakuta ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Sensa zote mbili za oksijeni zilikuwa zikisema kweli.

Kumbuka pia kwamba plagi isiyochoma huacha oksijeni bila kutumika, nayo sensa huona kana kwamba petroli ni pungufu.

Ukimaliza kurekebisha, futa namba ya hitilafu, endesha gari kwenye foleni na kwenye barabara iliyo wazi, kisha urudie kusoma marekebisho katika hali zote mbili kabla ya kumkabidhi mteja ufunguo.