Jinsi ya kumsimulia mtoto stori yenye funzo bila kumhubiria

Watoto wa siku hizi sio kwamba hawapendi stori, wanapenda sana, ila wengi wetu tukifungua mdomo tu mtoto ashajua anasemwa yeye. "Hapo zamani palikuwa na mtoto hasikii la mama yake..." we unadhani hajijui? Kwa hiyo kwanza mtoe yeye kwenye stori. Kama leo kampiga mdogo wake, usiku huohuo usilete stori ya mtoto aliyempiga mdogo wake, subiri siku mbili tatu hasira ziishe, kisha leta mnyama na umuweke mahali mtoto anapopajua. Sisi wa Tanga hapo tuna bahati, pwani ya Raskazone ipo, mapango ya Amboni na popo wake yapo, mashamba ya machungwa ya Muheza yapo, sasa dubu wa kwenye barafu wa nini?

Mimi mnyama wangu ni kaa, yule mdogo wa mchangani mwenye macho juu ya vijiti. Siku za maji mafu bahari haipandi sana, basi kaa kachimba shimo lake chini kabisa karibu na maji, akajisifu weee. Mwezi ulipokuwa mpevu likaja bamvua, maji yakapanda, shimo lote likafukiwa. Kachimba tena palepale, likafukiwa tena. Kaa akapandwa na hasira, akagonganisha magando ka! ka! ka!, akamrushia mchanga kaka yake ambaye wala hajamfanya kitu.

Hapa ndo penye utamu na ndo watu wanapoharibu, manake wanakimbilia "mnaona sasa, hasira mbaya". Usikimbie. Kaa kachoka, katulia tuli, na wewe tulia hivohivo. Shusha sauti, mwambie mtoto tusikilize anachosikia kaa: maji yanakuja, shwaaa, vuta pumzi taratibu kwa pua, maji yanarudi, shwaaa, iachie. Mara tatu nne zinatosha. Kisha muulize, mchanga chini ya miguu ya kaa ni wa moto au wa baridi? Upepo unatokea wapi? Kunanukia nini? (Wa kwangu jibu lake siku zote ni dagaa.) Wala usimtangazie kwamba sasa tunafanya mazoezi ya kutuliza akili, yeye ajue anamsaidia kaa tu.

Kaa akishatulia ndo anaona kitu ambacho kilikuwepo muda wote, ule mstari wa majani ya bahari yaliyobaki mchangani, yaani maji yameishia pale. Anapanda juu ya mstari, anachimba. Na kaka yake je? Hapo muachie mtoto, "unadhani kaa atamwambia nini kaka yake?" Kuna atakayesema aombe radhi, kuna atakayesema amgaie chakula, na kuna yule wa "amrushie tena!" Usimkemee, muulize tu na kaka naye atafanyaje. Basi, stori imeisha, funzo usilitaje.

Hizi stori za sungura na fisi msizitupe, ila tuseme ukweli, sungura mara nyingi anashinda kwa kudanganya, sasa ukimaliza ukamwambia mtoto awe mkweli anabaki anakushangaa. Bora umuulize fisi alijisikiaje. Mazimwi mimi siyakatai ila wasimulie mchana, usiku mtu alale.

Muda mzuri ni baada ya kula, mkekani barazani kama hakuna mbu, la sivyo ndani ya chandarua, tivii imezimwa na simu yako wewe pia iko mbali. Umeme ukikatika ndo kabisaa. Anza na "Paukwa!" waitikie "Pakawa!", lakini usiku usiwapigie kelele, wakiitikia kwa fujo rudia kwa sauti ndogo, rudia tena ndogo zaidi mpaka wanong'one, utaona wanavyosogea wenyewe. Wa miaka mitatu minne mpe kifupi chenye sauti za kurudia kama ka! ka! ka!, wa saba kwenda juu mpe ugomvi ambao wote wawili wana makosa, akili yake ishaweza kuupima.

Kesho atataka ileile. Mpe, tena bila kubadilisha, na akikukatiza "sio hivo, kwanza aligonga magando" muachie asimulie yeye.

Ila mchana akiwa kafura na analia usimwambie "si unamkumbuka kaa?" kwa sauti ya kumsuta, hapo ushaiua stori. Keti naye chini, anza wewe kuvuta pumzi ya maji yanakuja, akitaka atafuata, asipotaka muache amalize kulia.