Kuchanganya vipuri vya injini ya MGB

MGB ni gari la michezo la Uingereza. Soma kwanza namba ya injini kwenye kibati, upande wa kulia wa bloki. Injini za aina ya 18G na 18GA zina beringi kuu 3 za kranki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). 18GB na kuendelea zina 5. Kranki haziingiliani. Kibati huhamishwa, kwa hiyo fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) uhesabu mwenyewe.

Vifuniko vya beringi vilichongwa pamoja na bloki yake. Ukivichanganya, kranki hubana. Vipige alama kabla ya kufungua.

Pima shingo za kranki (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi) kwa maikromita: beringi za kranki iliyochongwa huanzia za shingo iliyopunguzwa kipenyo kwa inchi 0.010, kisha 0.020, 0.030. Kwa hewa ya chumvi ya Unguja, shingo iliyosafishwa ipakwe oili siku hiyohiyo.