Kufundisha maliasili kwa kuhesabu visiki vya mikoko

Tarehe ya somo hili huamuliwa na mwezi, si ratiba ya shule. Chagua siku ya bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu na siku mbili zinazofuata. Siku hizo maji ya Unguja na Pemba hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Ingieni saa 2:30, na saa 5 kila mtu awe nchi kavu, kwani vijito vya mikoko hujaa kabla ya ufuo. Kabla ya hapo pata ruhusa ya sheha, yaani kiongozi wa shehia, na kamati ya uhifadhi ya shehia hiyo. Kundi la vijana wenye kamba msituni bila taarifa hushukiwa, na ni haki.

Kila kundi liwe na watu watano: wawili wa kamba, mpimaji, mwandishi na mmoja wa visiki tu. Wape kamba ya nailoni ya mita 40 yenye fundo kila mita 10, futi ya fundi cherehani, rula na penseli. Kalamu ya wino haifai kwenye karatasi iliyolowa. Wavae raba za kufunga, kwani ndala hubaki matopeni na chaza hukata miguu.

Viwanja vya mita 10 kwa 10 vipangwe shuleni, juu ya mstari mmoja kutoka nchi kavu hadi baharini, kila baada ya mita 50. Ukiwaachia wachague wenyewe huko huko, watachagua penye kivuli na tope kidogo, na hesabu yote itapotoka. Mstari huo pia utawaonyesha miti inavyobadilika: mara nyingi mkandaa na mchu upande wa juu, mkoko wenyewe, ambao ni aina moja tu ya miti hii, katikati, na mlilana ukingoni mwa bahari. Majina hutofautiana kijiji hadi kijiji, kwa hiyo mwandishi aweke na jina la kitaalamu.

Mzingo wa mti hupimwa mita 1.3 kutoka chini, kisha hugawanywa kwa 3.14 kupata kipenyo. Mkoko ni tofauti: pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa unaoshika shina. Wengi hupima kati ya mizizi, wakapata mti mnene usiokuwepo.

Sasa visiki. Andika aina, kipenyo, na kama ni kipya au cha zamani. Kisiki kipya cha mkoko huwa chekundu; cha zamani ni cha kijivu, pengine kimeota chaza. Halafu uliza: kimechipua? Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mchu uliokatwa huweza kuchipua tena kisikini. Mkoko mkubwa ukikatwa hufa, na nafasi yake hujazwa na mche tu. Basi visiki 10 vya mchu na visiki 10 vya mkoko si hasara moja, ingawa kwenye jedwali vinalingana.

Miche ihesabiwe ndani ya mita 5 kwa 5 katika kona ya kiwanja, kwa madaraja matatu: chini ya sentimita 40, 40 hadi 150, na 150 hadi 300. Tunda lililolala juu ya tope bila mizizi si mche. Darasani, zidisha idadi ya miti na visiki vya kiwanja kimoja kwa 100, na ya miche kwa 400, kupata idadi kwa hekta. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa mikoko ni uwiano wa miche wa 6:3:1, kutoka daraja dogo hadi kubwa. Mkipata 18, 9 na 3, msitu unajirudisha wenyewe. Mkipata 40, 2 na 0, mbegu zipo ila kitu kinaua miche: mchanga, taka, mbuzi, au nyayo za wakataji. Waache wanafunzi wabishane ni kipi, kisha warudi kutazama.

Usikimbilie kupanda. Penye miche ya kutosha, kupanda ni kazi bure, na mkoko ukipandwa upande wa bahari penye majani ya bahari hufa na kuharibu malisho ya samaki. Pakihitajika kweli, chukua matunda ya mkoko yaliyokomaa, yenye pete ya njano shingoni, yasiyotobolewa na wadudu. Zamisha theluthi moja ya urefu topeni, ncha kali chini, mita moja kati ya mche na mche. Rudini bamvua zinazofuata kuhesabu yaliyoshika.