Mfundishe mgeni kutandika kitanda usiku wa kwanza
Kiranja wa bweni katika shule ya kijeshi asingoje asubuhi ya ukaguzi ndipo amwelekeze mwanafunzi mgeni; usiku wa kwanza, kabla taa hazijazimwa, atandike kitanda chake polepole huku mgeni akitandika cha kwake, pembe za shuka zikunjwe na kuchomekwa chini ya godoro hadi shuka likaze, kisha mgeni akivuruge na kukitandika tena peke yake mara mbili. Filimbi ya alfajiri inapolia, hofu humzuia kusikia maelezo, lakini mikono iliyokwisha kuzoea huendelea na kazi. Mbinu hii haifai ukimtandikia wewe, wala ukimfundisha mbele ya bweni zima, ambako aibu humfunga. Na akiwa analia kwa kukumbuka nyumbani, keti naye kwanza.