Kabla hujatuma hela ya gari, jua miezi sita nyuma ilikuwa inauzwa ngapi

Ndugu zangu wa Kusini, korosho zimeanza kulipwa na simu yangu haipoi, kila siku kuna mtu ananitumia picha ya gari anauliza bei hii ni sawa au napigwa, na mimi kila mara namrudishia swali, je mwezi wa sita ilikuwa inauzwa ngapi? Wengi hawajui. Wanaijua bei ya leo tu ile iliyoandikwa chini ya picha. Nimeona niandike yote kwa urefu hapa maana nikielezea mmoja mmoja kwa simu simalizi.

Naanza na la nyumbani. Mwaka jana mama yangu mdogo wa Tandahimba alilipwa hela yake ya mnada akataka gari ndogo ya kwendea shamba na kuwapeleka wadogo zangu shule. Dalali akamletea Raum namba D (herufi za namba yake zinaanza na D), milioni 9.2, maongezi yapo kidogo. Mama akanipigia, "Mwanangu nimeikalia mwenyewe, nzuri, AC inapuliza, nimlipe?" Nikamwambia mama naomba unipe usiku mmoja tu, usitoe hata mia. Usiku ule nikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya magari ambayo nipo siku nyingi, nikaandika Raum kwenye sehemu ya kutafuta, nikawa nashuka chini mwezi kwa mwezi. Nikaikuta. Namba ileile, mkwaruzo uleule kwenye bampa ya nyuma kushoto. Juni ilikuwa 7.4, Agosti ikashuka 7.2, mwishoni mwa Septemba hakuna anayeiposti tena, Oktoba ikarudi kwa dalali mwingine 8.5 halafu ndo huyu wetu 9.2. Haijabadilishwa hata tairi moja, kilichobadilika ni kwamba minada ya korosho imeanza na watu wana hela.

Sasa hapo ndo nataka mnielewe. Wenzetu Marekani wana tovuti kama CarGurus, ukifungua gari inakuonyesha kabisa imekaa sokoni siku ngapi na bei imepanda au imeshuka mara ngapi, mnunuzi hahangaiki. Sisi huku tunanunua Instagram, Facebook, WhatsApp, tovuti ya matangazo ya Jiji, na kwa dalali aliyesimama chini ya mwembe, hakuna anayekutunzia hiyo historia, kwa hiyo itabidi uitengeneze mwenyewe na uianze mapema. Mtu anayetaka gari ya msimu wa korosho aanze kufuatilia Julai, sio Novemba hela ikiwa tayari inawasha mkononi. Kwa wenzetu wa Lindi wanaotegemea ufuta ambao minada yake inakuja katikati ya mwaka, basi anza kuangalia Februari au Machi. Gari unayoitaka wewe hata kama bado haijatangazwa, zile zinazofanana nayo zipo na bei zake ndo zitakufundisha.

Ingia kwenye magrupu ya magari hata matano, ya Mtwara, Masasi, Lindi, na ya Dar pia. Ingia sasa hivi hata kama hununui, sababu WhatsApp kwa kawaida haikuonyeshi vitu vilivyopostiwa kabla hujaingia, ukija kuingia siku unayotaka kununua unakuta ukurasa mweupe. Na usifute meseji za hayo magrupu kisa simu imejaa, futa video za vichekesho uache hizo. Vya status vinaondoka baada ya masaa 24 kwa hiyo ukiona gari kwenye status ya dalali piga skrinshoti hapohapo, na skrinshoti ionyeshe tarehe. Facebook Marketplace inakuandikia tangazo lina wiki ngapi, na mara nyingi bei ikishushwa ile ya zamani inaonekana imekatwa mstari pembeni, watu wanapita tu hawaangalii. Kwenye magrupu ya Facebook ukibonyeza vile vidoti vitatu vya posti iliyohaririwa unaweza kuona ilivyokuwa mwanzo.

Halafu ukitafuta, tafuta kwa majina yote ya mtaani, hili watu wengi linawashinda. Anayeuza RAV4 ile ya zamani anaandika kill time, mwingine kilitime, mwingine kilitaimu, na Harrier kuna anayeandika Harrier na kuna anayeandika tako la nyani bila hata neno Harrier. Ukitafuta neno moja unapata robo ya magari. Tafuta pia kwa namba ya gari, andika zile herufi tatu za mwisho peke yake, mara nyingi gari inakuja hata kama dalali amekosea jina lake.

Kama namba imefunikwa kwa kidole au imepigwa rangi kwenye picha, chukua picha yenyewe uipeleke kwenye Google Lens. Hapa unapata mambo mawili. La kwanza unaweza kukuta picha zilezile zipo kwa muuzaji wa Mwanza na wa Arusha kwa bei tofauti na namba tofauti, hiyo sio gari ndugu yangu, huyo anasubiri utume "advansi" apotee. La pili unaweza kuikuta gari ilivyokuwa bado iko Japani kwenye tovuti za wauzaji wa kule, na ukibahatika pale pana kilometa zake, mwaka, na bei yake ya dola kabla haijapanda meli. Kurasa za namna hiyo hata zikifutwa jaribu kubandika linki yake kwenye web.archive.org, ile ni ghala ya kurasa za zamani za intaneti, sio kila ukurasa upo ila ukiwepo unaona ulivyokuwa siku hiyo. Matangazo ya Facebook na Instagram usiyategemee kule, hayo dawa yake ni skrinshoti zako mwenyewe.

Sasa ukishakuwa na hizo skrinshoti andika kwenye daftari, daftari la kawaida la mia tano linatosha. Tarehe, gari gani, mwaka wa kutengenezwa, namba, kilometa, bei, nani kaposti. Kilometa usiache kabisa. Nimeshakuta IST imepostiwa Februari kilometa 148,000 na Julai ikarudi ina 96,000, bei imepanda milioni moja na maneno "imetembea kidogo sana". Bila kumbukumbu ya Februari unaamini, kwa nini usiamini wakati dashibodi inasema hivyo.

Tuje kwenye kulinganisha, hapa pana mitego. Namba ya gari haisemi gari imetengenezwa lini, inasema imesajiliwa lini hapa Tanzania. IST ya 2004 inaweza kuwa na namba E na nyingine ya 2006 ikawa na namba C, na mtaani namba mpya ndo inaongeza bei. Kwa hiyo ukisema IST ni kiasi fulani hujasema kitu, linganisha zenye mwaka unaokaribiana na namba zinazokaribiana, na injini moja, maana IST ya toleo la kwanza zipo za cc 1300 na za cc 1500, mwanzo wa namba ya chesisi unakwambia, NCP60 ni 1300 na NCP61 ni 1500. Nimeona mtu analalamika kapigwa kumbe analinganisha gari mbili tofauti.

Dola nayo. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300 hivi, katikati ya 2024 ikapita 2,600, halafu mwisho wa mwaka huohuo shilingi ikajitahidi ikapanda tena. Magari yetu yananunuliwa kwa dola kutoka Japani, na hesabu ya kodi inaanzia kwenye thamani hiyohiyo, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na gari iliyozidi miaka 10 inaongezewa tozo ya uchakavu asilimia 30. Kuagiza kukiwa ghali hata gari iliyopo hapa tayari mwenyewe anaipandisha. Kwa hiyo ukiona bei imepanda usikimbilie kusema wizi, angalia kwanza dola ya mwezi ule na ya mwezi huu, Benki Kuu wanaiweka kwenye tovuti yao kila siku ya kazi. Na TRA wana kikokotoo chao cha magari kwenye tovuti, unachagua aina, mwaka na ukubwa wa injini kinakupa makadirio ya kodi, ukijumlisha na bei ya Japani mpaka Dar unajua kuagiza ingekugharimu ngapi. Gari ya mkononi, yaani iliyokwisha tumika hapa, ikikaribia bei hiyo, mimi nakushauri uiache.

Umbali pia uuhesabu. Toka Dar mpaka Mtwara ni kama kilometa 560 na siku hizi gari inayopostiwa Dar Jumatatu Jumatano inaweza kuwa Magomeni Mtwara, ikapostiwa tena kama vile ni ya huku. Ukiikuta ile ya Jumatatu toa mafuta, toa ya dereva, kinachobaki ni cha juu cha dalali. Cha juu sio dhambi, mtu kafanya kazi, ila ujue ni kiasi gani.

Kitu kinachonisumbua zaidi ni gari iliyopotea katikati. Mnakumbuka 2024, mafuriko ya Rufiji mwezi wa nne halafu kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, barabara ikakatika kule Somanga watu wakakwama. Sasa gari ilikuwa inapostiwa Machi, ikanyamaza, ikarudi Julai imeshuka milioni 2 na ina siti kava mpya na kapeti mpya, hapo uliza maji waziwazi, na fundi anyanyue kapeti aangalie chini, aangalie reli za siti na fyuzi. Sisemi kila gari iliyoshuka ilizama. Nyingine mwenyewe kauguliwa, nyingine ina mkopo na kadi ya gari iko kwa waliokopesha. Lakini bei ikishuka ghafla ina sababu na sababu hiyo ni haki yako kuijua. Kinyume chake gari iliyokaa miezi mitano bei ileile wala haisogei na kila mtu kaipitia akaiacha, tafuta waliokwenda kuiangalia, mji wetu huu mdogo utawapata.

Halafu kuna hili, bei ya kwenye tangazo sio bei iliyouzwa. Daftari lako lote ni la bei zilizoombwa. Ili ujue zilizotoka, wapigie madalali kuhusu gari ambazo zimeshaondoka, "Kaka habari za kazi, ile Spacio nyeupe iliyokuwa kwako mwezi uliopita iliondoka kwa ngapi?" Hana cha kupoteza, imeshauzwa, wengi wanakwambia ukweli. Mimi nikifanya hivyo kwa gari tano sita napata picha kwamba huyu dalali akisema 8.5 anaachia 7.8, yule mwingine akisema 8.5 haachii chini ya 8.3. Hiyo ni dhahabu kuliko tangazo lolote.

Mengine nayapitia haraka maana mnayajua, deni la trafiki unaangalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi tms.tpf.go.tz, bima unahakiki kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, kadi ilingane na namba ya chesisi iliyochongwa kwenye bodi na sio picha ya kadi kwenye simu, na gari za pwani kama Mikindani na Kilwa ziangalie chini kutu ya chumvi.

Siku ya kuongea bei usiende kumuaibisha mtu. Kwetu huku ukimfokea mzee wa watu mbele za watu umemaliza biashara. Mimi tulienda na mama, nikamsalimia yule dalali, tukakaa, nikamwambia taratibu, "Njomba, gari tumeipenda, ila mwezi wa nane niliiona kwa 7.2, nisaidie kuelewa kilichoongezeka." Nikamwonyesha simu. Kama ana risiti ya gia boksi mpya au matairi mapya ni sawa kabisa, unaongeza. Yeye alikaa kimya, akasema ngoja nimpigie mwenye mali. Alisogea pembeni akaongea kama dakika kumi, akarudi akasema mwenyewe anataka 7.5. Mama akaniangalia, nikamwambia fundi kwanza. Fundi wa Chikongola akakuta shokapu mbili za mbele zimekwisha, tukamalizana 7.3, hela ikapita benki kwa jina lililoandikwa kwenye kadi, sio kwa namba ya simu ya dalali.

Zile skrinshoti za Juni na Agosti bado ninazo, sikuzifuta hata kadi ilipotoka kwa jina la mama.