Kisu cha kukunja: namna ya kukikagua kabla hujatoa pesa

Kisu cha jikoni kina kitu kimoja kikubwa cha kukagua, nacho ni bapa. Kisu cha kukunja kina cha pili, na hicho ndicho hufa kwanza: kiungo, pale bapa linapozungukia pini ndani ya mpini. Mtengenezaji anayebana gharama huanza kubania hapo, kwa sababu wanunuzi wengi hutazama mng'aro wa mpini, wakajaribu makali kwa kidole gumba, wakatoa hela. Wewe anzia kwenye kiungo.

Kiungo

Fungua kisu taratibu kwa mikono miwili. Kama ni kile cha springi ya mgongoni kisicho na komeo (kizuizi kinachozuia bapa lisijikunje), bapa litakuwa zito kidogo mwanzoni, kisha robo ya mwisho ya safari linajivuta lenyewe na kujigonga mahali pake kwa mlio mmoja mkavu: ta! Mlio mzito wa kuburuza maana yake springi imelegea au ndani kumejaa taka. Lakini usidanganywe na kisu kigumu kinachokaribia kung'oa ukucha. Wauzaji hukisifia kwa uimara, kumbe mara nyingi ni mabamba (sahani za ubavuni mwa mpini) yaliyobanwa mno ili kuficha tundu la pini lililotobolewa ovyo.

Sasa shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili shika bapa karibu na ncha, kwa upande wa mgongo. Lisukume kulia na kushoto, halafu juu na chini. Usishtuke kwa kila mtikisiko: pengo la sehemu ya kumi ya milimita kwenye kiungo chenye upana wa milimita 8 huonekana kama milimita 1 nzima kwenye ncha ya bapa la sentimita 9. Kupwaya kidogo kwa pembeni kunavumilika, na kama kiungo kina skrubu, unakibana. Kupwaya kwa juu na chini ni habari nyingine. Hapo komeo halikai sawasawa, au springi na msuka (kile kitako cha bapa kilichomo mpinini) vimeshalika. Hakuna skrubu ya kutibu hilo. Kirudishe mezani.

Kielekeze kwenye mwanga, dirishani au kwenye tochi ya simu, uchungulie kati ya springi na mabamba ya ndani. Ukiona mstari wa mwanga, hapo ndipo jasho na mchanga vitapita. Pitisha ukucha mgongoni mwa mpini kisu kikiwa wazi, halafu kikiwa kimefungwa. Springi ikae sare na mabamba katika hali zote mbili. Ukucha ukikwama upande mmoja, ujue mtu alisawazisha kisu kikiwa katika hali moja tu akaenda zake.

Kisha funga. Bapa lilale katikati ya nafasi yake, lisiguse ubavu. Bonyeza mgongo wa bapa kwa kidole gumba ulizamishe zaidi. Likishuka ukasikia tik, makali yanagonga springi. Kisu cha namna hiyo utakinoa leo, na kesho kitakuwa butu sehemu moja ileile, kila siku, nawe utalaumu chuma. Dawa ya nyumbani ni kubandika kipande chembamba cha ngozi ndani ya nafasi ile, lakini kwa kisu kipya dawa nzuri zaidi ni kukiacha.

Kama kina komeo

Komeo la bamba la ndani, lile linaloruka pembeni na kusimama nyuma ya msuka, ndilo limejaa sokoni na ndilo linaloharibiwa zaidi. Fungua kisu uangalie bamba limefika wapi. Likiwa limefunika kati ya theluthi na nusu ya upana wa msuka, ni zuri. Likishika ukingo tu, litateleza siku utakayosukuma kwa nguvu. Na kama kisu ni kipya lakini bamba limeshafika upande wa pili, limebaki bila nafasi ya kulika; baada ya miezi litaanza kucheza.

Kulijaribu hakuhitaji ubabe. Shika mpini kwa viganja, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali, kisha gonga mgongo wa bapa kwenye ubao mara tatu, kwa nguvu ya kubisha hodi. Halafu bonyeza mgongo huo kwenye ubao na kuusokota mpini kidogo. Komeo likisogea hata kidogo, basi. Wapo wanaobamiza kisu kama nyundo na kujisifu kuwa kimestahimili, lakini pigo la hivyo huweza kuharibu hata komeo zima.

Bapa na chuma chake

Neno STAINLESS lililochongwa peke yake halikuambii chochote zaidi ya kwamba kuna kromiamu ndani. Jina kamili la chuma lina maana kiasi. 3Cr13 ya China ina kaboni, ile inayokipa chuma ugumu, karibu asilimia 0.3: haishiki kutu kirahisi, lakini makali yake huisha haraka. 12C27 ya Sweden ina karibu 0.6, 8Cr13MoV karibu 0.8, na 440C karibu 1. D2 ina karibu 1.5 na hukaa na makali muda mrefu, ila huota madoa ya kutu kuliko hizo nyingine, jambo la kufikiria kwa mtu wa Tanga au Mombasa anayeshinda kwenye hewa ya chumvi.

Hata hivyo, jina la chuma ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni namna kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na hiyo haichongwi kwenye bapa. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na visu vingi vyema vya mfukoni viko kati ya 56 na 60. Victorinox ya Uswisi huyapa mabapa yake ugumu wa 56, lakini springi huachwa kwenye 49, kwa sababu springi ngumu kama bapa ingevunjika. Kisu chenye zana 12 zilizokatwa kutoka bati lilelile kwa ugumu uleule kimetengenezwa na mtu asiyejali tofauti hiyo. Bisibisi yake itajikunja kwenye skrubu ya kwanza.

Unene nao hupuuzwa sana. Bapa la milimita 4 linaonekana la kiume, lakini lijaribu kwenye muhogo mbichi. Bapa jembamba, milimita 2 hivi mgongoni na linalopungua vizuri hadi kwenye makali, hukata kipande safi. Nene linaingia sentimita moja, kisha muhogo unapasuka wenyewe kama kuni mbele ya shoka. Hilo halina uhusiano na ukali. Ni umbo, na hakuna kunoa kutakakolibadilisha mpaka umesaga nusu ya bapa.

Kuhusu yale mawimbi ya "Damascus" (chuma kilichofuliwa kwa matabaka): tazama mgongo wa bapa. Matabaka ya kweli hupita hadi mgongoni na kutokea upande wa pili. Mchoro wa kuchapwa huishia ukingoni kama kanga iliyokatwa.

Makali ya dukani yasikupe shida sana, maana utanoa mwenyewe. Angalia tu kama yamenyooka. Shika kisu makali yakikutazama chini ya taa: makali halisi hayaonekani, na kila nukta inayometa ni sehemu butu au iliyopigwa. Tazama pia upana wa ule ukingo ulionolewa pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa na milimita 1 na wa pili 2, utahangaika kwenye jiwe.

Jaribio la nyumbani

Hili halifanyiki mbele ya muuzaji, ila ndilo linalosema ukweli kuhusu ule moto wa kiwandani. Tafuta kifimbo cha shaba ya manjano (brass) cha milimita 6 ukibane kwenye jiliwa. Laza bapa lililonolewa juu yake, uliinue kidogo tu, nyuzi 15 hivi, ubonyeze mpaka uone makali yanapinda kwenye mzingo wa shaba. Peleka polepole kutoka kitakoni hadi nchani. Makali yakirudi na kunyooka, chuma kimepikwa vizuri. Yakibaki yamepinda, ni laini mno. Yakimeguka vipande kama meno ya msumeno, ni magumu mno na yatakatika ukigusa mfupa.

Kujua makali yanadumu kiasi gani, kata kamba ya katani ya unene wa kidole kwenye ubao, ukihesabu, na kila baada ya kukata mara 10 jaribu karatasi ya gazeti. Hesabu yenyewe haina maana peke yake. Vinoe visu viwili kwa jiwe moja na pembe moja, ukavilinganishe.

Mpini

Pitisha kucha kwenye kila maungio. Mbao na pembe husinyaa, kwa hiyo pengo dogo leo ni pengo kubwa mwakani. Plastiki nzuri haina ubaya wowote. Bana mpini kwa nguvu kama unayekata kamba, kwa dakika nzima. Pale panapouma leo patakutoa malengelenge.

Visu vitatu vya kujipimia macho

Opinel, kilichoanza Savoie nchini Ufaransa mwaka 1890, ni shule nzuri kwa sababu kina vipande vichache mno: bapa, mpini wa mbao, pini, noleo (mkanda wa chuma uliokazwa shingoni mwa mpini), na pete ya kuzungusha inayofunga bapa, iliyoongezwa mwaka 1955. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5. Huja kwa chuma cha kaboni au kisichoshika kutu, na bapa lenyewe limeandikwa CARBONE au INOX. Udhaifu wake ni mbao: ikinywa unyevu huvimba na kubana bapa lisifunguke. Ukikutana na hali hiyo, zungusha pete ifunguke, gonga kisigino cha mpini mezani, na ncha itachomoza. Kisha kikaushe kivulini na kutia mafuta ya kitani kwenye kiungo. Bei yake ni ndogo, na ukishakizoea utaona ni visu vingapi vya bei mara tatu vinavyokata vibaya kuliko hicho.

Victorinox nyekundu ya milimita 91 inaigwa kila mahali. Maganda ya ile ya kweli yameshikwa bila skrubu inayoonekana nje, kila zana hufunguka kwa mlio uleule, hakuna mwanga kati ya matabaka, na kitakoni mwa bapa kubwa jina la kampuni limechongwa kwa herufi safi. Kama ina mkasi, anza nao. Mkasi wa bandia hutafuna karatasi. Wa kweli hukata uzi mmoja kwa ncha.

Okapi, yenye mpini wa mbao uliotiwa nyota na mwezi, ilianza Solingen, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, na sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Ni chuma cha kaboni, na bapa hufunguka kwa milio ya meno, krr-krr-krr, na hufungwa kwa kuvuta pete ya mgongoni inayoachia komeo. Kupwaya kidogo ni kawaida yake. Vuta pete mara kadhaa uone kama komeo linarudi lenyewe kwenye kila jino. Kwa bei yake, bapa lina thamani kuliko kiungo, kwa hiyo ni kisu cha shambani, si cha kazi ya kuchoma kwa nguvu.

Cha mtumba

Linganisha upana wa bapa kitakoni na katikati. Bapa lililonolewa miaka mingi huwa limeliwa tumboni, na mara nyingi ncha huchomoza nje ya mpini kisu kikiwa kimefungwa, ikisubiri paja lako. Rangi ya kijivu iliyotulia kwenye chuma cha kaboni haina neno, hata hukinga kutu. Vishimo ndivyo vibaya, hasa karibu na makali. Ukiona buluu au zambarau kwenye ukingo, fundi alikinoa kwa mashine bila maji na chuma kilipita nyuzi 280. Sehemu hiyo imepoteza ugumu na haitarudi.

Ukinunua kwa ajili ya kukusanya, soma msuka kwa kioo cha kukuzia. Kampuni ya Case ya Marekani ilianza mwaka 1970 kupiga nukta 10 chini ya jina lake na kupunguza moja kila mwaka, kwa hiyo nukta 4 ni mwaka 1976. Kisu cha hivyo usikisugue kwa msasa. Mng'aro mpya hupunguza bei.

Na kwa wanaonunua wakiwa Uingereza: kisu unachoruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu ni cha kukunja kisicho na komeo, na makali yake yasizidi sentimita 7.62. Opinel namba 8 haipiti, kwa komeo lake na kwa urefu pia. Kwenye ndege, kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa, si kwenye begi la mkononi.