Kisu cha kukunja cha kuvulia: chungulia mpini kabla hujasifu makali

Kisu changu cha kwanza cha kukunja nilikinunua kwa kuyapenda makali yake. Kilinyoa vinyweleo vya mkono pale pale, nikaona sina haja ya kuangalia kingine. Miezi minne baadaye mfuko wa suruali yangu ukaanza kunuka. Nikafua suruali, harufu ikabaki. Nikakiosha kisu kwa sabuni, nikasugua bapa mpaka likang'aa, nikakirudisha mfukoni. Kesho yake shombo lile lile.

Mwishowe nikatafuta bisibisi ndogo ya nyota nikakifungua. Ndani, kati ya bati la chuma na plastiki ya mpini, kulikuwa na utando wa kijivu uliokauka kama gundi: damu, ute wa samaki, nyuzi za mfuko, mchanga, na magamba saba. Niliyahesabu. Bati lenyewe lilikuwa limeshika kutu upande usioonekana. Na bapa, lile nililokuwa nikilisugua kila siku, halikuwa na doa.

Basi nikitaka kisu siku hizi, bapa nalitazama mwisho. Samaki akishapasuliwa, uchafu wake unateremka na maji hadi pale bapa linapolala likikunjwa, na huko ndiko unakooza. Kisu rahisi kusafisha ni kile ambacho maji yakiingia huko yana njia ya kutokea.

Namna ya kukijaribu ni rahisi. Kifungue, kisha inua mpini uelekee dirishani au kwenye taa, uchungulie kupitia mgongo wake. Kama vibao viwili vya mpini vimeshikwa na vijiti viwili vitatu tu, na mwanga unapita katikati, umeanza vizuri: ukikiweka chini ya bomba, maji yataingia juu yatokee chini. Kama mgongo umezibwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, hicho ni kihori. Kila kinachoingia kitakaa. Baada ya mwanga, jaribu kwa kijiti cha pamba cha masikioni. Kipitishe ndani ya mpini, hasa pembeni mwa kitako cha bapa. Pamba isipofika, mswaki nao hautafika. Wauzaji wengine watakukodolea macho. Waache wakodoe.

Angalia pia kama ndani kuna bati za chuma. Visu vingi huwekwa bati mbili ili mpini uwe imara, na ili kupunguza uzito watengenezaji huzitoboa matundu upande unaofunikwa na plastiki. Kila tundu la namna hiyo ni kijumba cha gamba, na hulioni mpaka ufungue skrubu. Mipini ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo mara nyingi haihitaji bati nzima. Ukiishika unaona kama mchezo wa mtoto, nyepesi na isiyo na fahari, lakini hainywi maji kama mbao, haishiki kutu, na kilichoko ndani yake ni kidogo. Kwa uvuvi naichukua hiyo kuliko mpini wa fahari. Mbao na mfupa ni vizuri mkononi, ila mbao isiyozibwa vyema ikilowa inavimba na kulibana bapa, na shombo likishaingia kwenye nyufa zake halitoki leo wala kesho.

Sasa loki, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu nina kovu.

Loki iliyo ya kawaida kabisa ni ya bati: ukifungua kisu, ulimi wa chuma ndani ya mpini unaruka na kukaa nyuma ya kitako cha bapa, ukizuia lisirudi. Siku moja nilikuwa nimemaliza kuparua magamba, nikakikunja kisu bila kukisuuza, kisha nikakifungua tena ili nikate mshipi uliojisokota. Nikasikia mlio wa loki, lakini ulikuwa mlio mzito, si ule mkavu niliouzoea. Nikaupuuza. Nilipoukandamiza mshipi, bapa likarudi likaniuma kwenye fundo la kidole cha shahada. Nilipotazama baadaye, nilikuta gamba moja, dogo kama ukucha wa mtoto, limekaa kati ya ulimi na kitako. Ulimi ulikuwa umegusa pembeni tu.

Sisemi loki ya bati ni mbaya. Uzuri wake ni kwamba unaiona: ukikitazama kisu upande wa wazi wa mpini, unaona ulimi umefika wapi. Loki ya mgongoni, ile yenye mkono mrefu wa chuma wenye jino linalotumbukia kwenye pengo la kitako, inashika vizuri sana, lakini inaziba mgongo, na lile pengo likijaa mchanga au nyama iliyokauka jino halitumbukii lote. Ukiipenda hiyo, hakikisha pengo linafikika kwa ncha ya kijiti. Opinel, watengeneza visu wa Ufaransa, wana njia yao tangu mwaka 1955: pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini. Hakuna mengi ya kuharibika hapo. Tena pete unaizungusha kwa vidole vyako mwenyewe, kwa hiyo ikikwama kwa uchafu unajua papo hapo.

Visu visivyo na loki, vinavyoshikwa na springi tu, ni rahisi mno kuosha, na sehemu nyingine ndivyo sheria inavyoruhusu. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na loki na chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaweza kutembea nacho bila kuulizwa sababu. Chenye loki ni habari nyingine. Jua sheria ya unakoishi kabla ya kulipa, maana kisu cha kila siku usichoruhusiwa kutembea nacho hakikufai kitu. Ila mkono wenye ute wa samaki na kisu kisicho na loki ni wawili ninaowaweka mbali mbali.

Loki yoyote utakayochagua, jizoeshe hili: ukishafungua kisu, kandamiza mgongo wa bapa polepole kwenye ukingo wa ubao au ndoo, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali. Ni sekunde moja.

Kwenye egemeo, pale bapa linapozungukia, kuna washa, yaani vipete vyembamba, au beringi ya vigololi. Beringi hufanya bapa lifunguke kama limesukumwa na upepo, na dukani ndicho kitu kinachomlevya mnunuzi. Ufukweni ni balaa. Punje ya mchanga ikiingia kwenye njia ya vigololi unaisikia ikisagika, na vigololi vya chuma vya kawaida vinaweza kushika kutu mahali usipopaona. Washa za shaba nyeusi au nailoni zinafungua taratibu zaidi, na ukizisuuza zimesafika. Chukua washa.

Chuma cha bapa kina maneno mengi kuliko kinavyostahili. La kujua ni hili: kinachozuia kutu ni kromiamu, na chuma huanza kuhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa nayo asilimia 10.5 hivi. Lakini kaboni, inayokipa kisu ugumu, inaweza kujifunga na sehemu ya kromiamu hiyo, na iliyofungwa hailindi tena. Ndiyo maana D2, aina ya chuma yenye kromiamu karibu asilimia 12 na kaboni kama 1.5, niliyoambiwa "haishiki kutu", iliniamkia na vidoa vya kahawia baada ya usiku mmoja kwenye mfuko wenye unyevu. Si chuma kibaya, kinakaa na makali muda mrefu. Ni kwamba hakikuumbiwa bahari.

Kwa mtu wa mtoni na ziwani, 12C27 ya Sweden inatosha kabisa: kaboni 0.6, kromiamu 13.5, inanoleka kwa jiwe lolote la kawaida. 440C, yenye kromiamu 16 hadi 18, nayo haina ubaya. Maji chumvi ni jambo jingine. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo hutoboa ule utando mwembamba unaokikinga chuma. Hapo kuna vyuma ambavyo kaboni yake imepunguzwa ikawekwa naitrojeni, kama H1 na LC200N. H1 unaweza kuisahau majini na usiione kutu, lakini makali yake ya kawaida, yasiyo na meno, huchoka mapema. MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas na kutoka mwaka 2021, imejaribu kuleta vyote viwili, makali na ukinzani wa kutu, na bei yake inakujulisha hivyo. Mimi bado naona anayeosha kisu chake jioni ile ile hana haja ya kwenda mbali hivyo.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni uso wa bapa. Bapa lililong'arishwa hushika kutu kwa shida kuliko lililopulizwa mchanga likawa na uso wa chengachenga, hata kama chuma ni kile kile, kwa sababu vijishimo vile vinahifadhi unyevu. Rangi nyeusi ya kupaka inasaidia, ila makali yenyewe hayapakwi, na kutu huanzia hapo.

Urefu wa bapa wa sentimita 7 hadi 9 unatosha, na unene wa milimita 2 hadi 3. Nene kuliko hapo linapasua tunda badala ya kulikata. Ncha iwepo, maana kumfungua samaki tumbo unaingiza ncha kidogo tu kwenye tundu la haja, makali yakitazama juu, ili usitoboe matumbo. Anayevua kwenye mashua inayoyumba anaweza kupendelea ncha butu, na simlaumu. Meno ya msumeno kwenye makali hukata kamba na mshipi wa kusuka vizuri kuliko makali laini, lakini yanabeba nyuzi na nyama katika kila pengo. Nilikuwa nayo, nikayasugua kwa mswaki, nikayachoka. Pa kufungulia kwa dole gumba pawe tundu kwenye bapa, si kifungo kilichochomoza: tundu unalifuta kwa kidole, kifungo kina shingo ya kuficha uchafu. Mifereji ya mapambo kwenye bapa kataa, hata kama imependeza.

Klipu ya mfukoni nayo ichunguzwe. Mara nyingi bapa ni la chuma kizuri na skrubu za klipu ni za chuma chochote kilichopatikana, ndizo zinazotangulia kushika kutu na kuchirizia mpini rangi ya kahawia. Tena kuna yale matundu ya akiba ya kuhamishia klipu upande wa pili, yanajaa mchanga. Na mpini uwe na rangi ya kelele, ya machungwa au njano. Kisu hakielei, na chenye mpini mweusi kikianguka kwenye mawe yaliyolowa utakitafuta mpaka giza liingie.

Niseme ukweli pia: kama kazi yako ni kutoa minofu ndoo nzima, usinunue kisu cha kukunja. Nunua kisicho na kiungo, chembamba, kirefu, ukiweke kwenye ala. Cha kukunja ni cha mtu anayekata mshipi, anachinja samaki wawili watatu, kesho anafungulia boksi na kumenyea chungwa.

Na kwa kuwa chungwa limo, kuosha kunahusu tumbo lako. Anza na maji yasiyo ya moto, kabla ute haujakauka, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu. Ufukweni suuza hata kwa maji ya bahari, bora ute utoke, lakini nyumbani lazima kimaliziwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo: kizamishe, ukifungue na kukikunja ndani ya maji mara kumi hivi, utaona wingu la uchafu likitoka kwenye egemeo. Mswaki wa zamani upite ndani ya mpini. Suuza, kikung'ute kwa nguvu, kisha kiache wazi kilale hivyo usiku kucha. Dawa ya kung'arishia nguo usiiguse, klorini yake inakula hata chuma kisichoshika kutu. Kikikauka, tone moja la mafuta ya madini yasiyo na harufu kwenye egemeo na kwenye loki. Si mafuta ya kupikia. Yale yanageuka ulimbo, na baada ya wiki mbili kisu kinafunguka kama mlango wa kabati lililolowa.

Kukifungua skrubu zote si kazi ya kila wiki. Mimi nafanya mara mbili kwa mwaka, juu ya taulo jeupe ili skrubu zisikimbie, na napiga picha kila hatua kwa sababu washa mbili hufanana mpaka uzikosee. Bisibisi iwe ya kipimo hasa, mara nyingi T6 au T8. Ya kulazimisha itaviringisha kichwa cha skrubu, na hapo utakuwa umenunua kisu kisichofunguka.

Ninachobeba sasa kina mpini wa machungwa uliopauka, mgongo wazi, loki ya bati, washa za nailoni. Klipu niliing'oa nikafunga kamba ya nailoni, nayo naiosha pamoja na kisu, maana wiki ya kwanza niliisahau na shombo likarudi.